Kiatu cha Kwenda Ukweni

Jozi ya viatu ambayo Kunegunda Haule aliiamini ilikuwa moja tu, na siku Leonce alipomwambia kwamba mama yake anataka kumwona, viatu hivyo ndivyo vilivyomjia akilini kabla ya gauni, kabla ya nywele, hata kabla ya furaha yenyewe.

Vilikuwa vyeusi, vipana, vya kufunga kwa kamba, na soli zake nene zilipinda kwa mbele kama miguu ya kiti cha kubembea. Mtu asiyejua angesema ni viatu vya mlinzi. Alivipata kwenye mitumba ya Majengo kwa Dorine, mwanamke mcheshi aliyefungua marobota ya viatu nyuma ya soko, na ambaye baada ya kumzoea alikuwa akimwekea pembeni kila kiatu chenye soli ngumu. Kabla ya hivyo alishahangaika sana. Raba zilikuwa laini mno, mguu ukizama ndani unachoka kabla ya kufika kanisani. Viatu bapa vilimvuta kisigino mpaka goti likauma. Buti ndizo kabisa hazikuingia, kwa sababu mtu akivaa buti hunyoosha unyayo ndipo upite, na unyayo wa Kunegunda haukunyooka wala haukukunjika.

Kifundo chake cha mguu wa kulia kilikuwa kimeunganishwa. Miaka kadhaa nyuma pikipiki aliyopakiwa iliteleza kwenye tope jekundu la barabara ya Namtumbo na kumlalia mguuni. Mfupa uliunga vibaya, na kwa muda mrefu kila hatua ilikuwa kama kukanyaga msumari. Mwishowe madaktari walimweleza bila kumzungusha kwamba kiungo kimekwisha. Wangeondoa kilichobaki na kuibana mifupa kwa skrubu iwe mmoja. Hakitakunja tena, walimwambia, lakini hakitauma. Akakubali. Akakaa na plasta, akatembea na magongo, na siku alipoyaacha magongo alitembea kutoka kitandani mpaka uani bila kusikia maumivu, akakaa kizingitini akalia kwa raha. Tangu hapo hakuweza kuchuchumaa, wala kushuka mteremko kwa haraka, wala kuvaa kiatu cha mchuchumio. Alichechemea kidogo, na baridi ya mwezi wa sita ilipoingia Songea alikisikia chuma kikipoa ndani ya mguu. Lakini alilala usingizi mzima. Hakuwahi kujuta.

Kazi yake ilikuwa ushonaji. Alikuwa na chumba cha mbele Majengo, na ni cherehani iliyomkutanisha na Leonce Ngonyani. Cherehani ya kukanyaga ilitaka kifundo kinachocheza, naye kazi yote alikuwa ameihamishia mguu wa kushoto mpaka nyonga ikalalamika. Akaamua kufunga mota. Aliyeletwa kuifunga alikuwa fundi umeme mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini kama ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Alimtazama akishona, akalala chini ya meza, akahamisha kile kikanyagio mpaka mahali ambapo mguu wa kushoto ulikifikia bila kujinyonga. Hakuuliza kitu. Kesho yake alirudi kuangalia kama mota inapata moto. Wiki iliyofuata alirudi tena, na mota haikuwa na tatizo lolote. Wateja walianza kutazamana na kuficha tabasamu kwenye vitambaa vyao.

Kunegunda alimpenda kwa mambo mengi: mikono yake iliyofanya kazi bila papara, namna alivyomsikiliza mtu mpaka amalize, macho yake yaliyokuwa yakimtafuta hata chumba kikiwa kimejaa wateja. Lakini zaidi alimpenda kwa sababu hakuwahi kumuuliza habari za mguu. Watu wote waliuliza. Abiria, wateja, hata wanakwaya wenzake. Leonce aliupita mguu ule kwa macho kama mtu apitaye mlango wa jirani uliofungwa, na Kunegunda akaihesabu hiyo kuwa heshima.

Siku mbili kabla ya safari ya ukweni, Leonce alikuja dukani na boksi. Alilifungua mwenyewe juu ya meza ya kukatia. Ndani kulikuwa na viatu vya rangi ya dhahabu, vyembamba, vya gidamu laini, vyenye kisigino kidogo kama kizibo cha chupa. Vilikuwa vizuri. Mtu yeyote angesema hivyo.

"Nimeona uvae hivi kwa mama," Leonce alisema. "Vile vyeusi ni vya kazi."

Kunegunda alikigeuza kimoja, akaibonyeza soli kwa kidole gumba. Ilikunjika kama kipande cha maganda ya ndizi. Alitaka kumweleza kwamba kiatu ndicho kinachofanya kazi ambayo kifundo chake hakifanyi tena, kwamba soli ikikunjika hivi uzito wote utaangukia katikati ya unyayo. Lakini Leonce alikuwa akimtazama kwa macho ya mtu aliyeleta zawadi.

"Ni siku moja tu, Kune," alisema.

Akasema sawa. Kwa ajili yake, akasema sawa. Lakini asubuhi ya safari, alipokuwa akipanga kikapu chenye sukari, sabuni na kitenge alichomshonea mama mkwe, alivitia vile vyeusi chini kabisa, chini ya kitenge.

Nyumba ya kina Leonce ilikuwa nje ya mji, upande wa Matogoro, mahali ambapo barabara inabaki juu na nyumba zinakaa chini kwenye mteremko. Bajaji iliwashusha juu. Njia ya kushukia ilikuwa ya udongo mkavu wenye vikokoto, na hatua chache tu zilitosha kumweleza Kunegunda siku itakavyokuwa. Kiatu kilikunjika, mguu haukukunjika, na uzito ulimshukia pale pale alipojua utamshukia. Alimshika Leonce mkono. Wakashuka polepole, yeye akitanguliza mguu mbovu upande upande, Leonce akimuegemeza. Kwa mbali walionekana wanawake wawili uani, wamekaa kwenye mkeka wanapukuchua mahindi.

Walipokaribia, Leonce aliutoa mkono wake taratibu.

"Jikaze kidogo hapa," alinong'ona. "Mama anatuona."

Kunegunda alijikaza. Hakupata muda wa kuwaza maana ya maneno yale, kwa sababu mama alikuwa ameshasimama anajipangusa makapi ya mahindi, uso wote furaha. Walikaribishwa ndani. Mlangoni palikuwa na viatu vimepangwa, na Kunegunda, kama mgeni yeyote mwenye adabu, akavua. Sakafu ya saruji ilikuwa baridi. Bila kiatu chochote, nyonga yake ilipanda na kushuka waziwazi, na alihisi macho ya yule mwanamke wa pili, shangazi yake Leonce aitwaye Emerensiana, yakimfuata kutoka mlangoni mpaka kwenye kochi. Kisha ikaja salamu. Alipaswa kupiga magoti. Alishika mkono wa kochi, akashusha goti la kushoto, mguu wa kulia akautupa pembeni kama mkia, akasema shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Inuka, inuka," mama alisema, akamshika kiwiko. "Usijitese. Leonce alishaniambia umeteguka. Mguu wa kuteguka unasumbua, mimi nao uliwahi kunilaza msimu mzima. Ukipona ndiyo tutakaa na wazee tupange siku. Bibi harusi lazima aingie kanisani anacheza."

Shangazi aliitikia kwa kichwa. Kunegunda alimgeukia Leonce. Leonce alikuwa anatazama jagi la togwa.

Palikuwa na nafasi ya kunyamaza. Baadaye alikumbuka jinsi nafasi ile ilivyokuwa pana na rahisi. Angesema ahsante mama, wangekula, wangerudi, na uongo ungeendelea kukua polepole nyumbani kwa watu kama mwana. Aliyafikiria hayo yote akiwa bado ameshikwa kiwiko.

"Mama," alisema, "mguu huu umeshapona. Kupona kwake ndiko huku."

Akaeleza. Aliongea kwa utulivu kama anavyomweleza mteja kitambaa kisichotosha. Alisema pikipiki, alisema skrubu, alisema hakikunji na hakitakunja, lakini hakiumi na anafanya kazi zake zote. Mama alisikiliza bila kukatiza, kisha akamtazama mwanawe kwa muda, kisha akaondoka kwenda kuangalia chakula.

Shangazi Emerensiana ndiye aliyeuliza, na hakuuliza kwa ukali. Alitaka kujua mtu kama huyo atashukaje bondeni kwenye bustani, na mtoto mgongoni, na ndoo kichwani. Alisema ukoo wao ni wa kulima. Alisema anamwonea huruma binti, lakini huruma haivuni mahindi. Leonce alijimiminia togwa. Walikula ugali na kuku, na jua lilipoanza kulala upande wakaaga.

Kupanda kulikuwa rahisi kuliko kushuka. Kunegunda hakushika mkono wa mtu. Walipofika juu barabarani alikaa kwenye jiwe, akavua vile vya dhahabu. Unyayo ulikuwa umechubuka katikati na gidamu ilikuwa imemkata. Akatoa vile vyeusi kwenye kikapu, akalegeza kamba zote mpaka chini, akaingiza mguu, akafunga. Leonce alisimama pembeni akimtazama kana kwamba anamwona akivaa kwa mara ya kwanza, na kweli ilikuwa mara ya kwanza.

"Nilitaka wakuone wewe kwanza," alisema. "Wakuzoee. Halafu ndiyo wajue."

"Wangemzoea nani? Huyo aliyeteguka si mimi."

"Kune, nilikuwa natafuta muda mzuri."

"Wewe mwenyewe unajua?"

"Najua nini?"

"Kwamba mwakani mguu utakuwa hivi hivi. Kwamba nikiwa bibi mwenye mvi utakuwa hivi hivi."

Leonce alitazama chini, kwenye kiatu cheusi, na Kunegunda akaona usoni mwake jambo ambalo hakulitarajia. Alitarajia aibu. Aliona mshangao.

"Nilidhani labda kwa mazoezi," Leonce alianza, halafu sauti ikamwishia.

Hapo ndipo Kunegunda alipoelewa, na kuelewa kulimuuma kuliko unyayo. Leonce hakuwa amemdanganya mama yake peke yake. Alikuwa amejidanganya pia. Muda wote ule wa kuja dukani, wa kukaa naye, wa kumtazama usoni, alikuwa akimsubiri mtu mwingine atokee, mtu mwenye miguu miwili inayokunja.

"Hukuwahi kuniuliza," alisema. "Nami nikadhani unaniheshimu. Kumbe ulikuwa unaogopa jibu."

Akamkabidhi vile vya dhahabu mkononi, vimebanwa soli kwa soli.

"Watafutie mwenye kukunja mguu."

Bajaji ilipokuja alipanda peke yake. Hakulia njiani. Alilia nyumbani alipokuwa akilitia dawa lile jeraha, na hata hapo alilia kidogo tu, kwa sababu alikuwa na sare za kwaya za kumaliza.

Leonce alipiga simu. Kunegunda hakupokea. Leonce alituma ujumbe mrefu wa kuomba radhi, naye akausoma mara nyingi kuliko alivyopenda kukiri, lakini hakujibu. Dorine, aliyekuwa ameletewa habari zote na wateja, alipita dukani kumshauri kwamba wanaume wapole ni wachache mjini na asimtupe mmoja kwa neno moja. Kunegunda alimjibu kwamba halikuwa neno moja. Lilikuwa neno ambalo halikusemwa kabisa, siku baada ya siku. Dorine alitikisa kichwa, akamwachia jozi ya viatu vya kahawia vyenye zipu ubavuni avijaribu, akaenda zake.

Alivijaribu. Vilibana vidoleni. Jioni zilikuwa baridi, ukungu ukishuka kutoka milimani mapema, na saa ambazo Leonce alizoea kuja zilipita moja moja bila mtu. Alimkosa. Hakulificha hilo. Alikosa ile sauti ya chini, alikosa kuinua macho kutoka kwenye sindano na kukuta ametazamwa. Lakini alikuwa ameshaishi miaka na maumivu ambayo kila mtu alimwambia yatapungua yenyewe, na alijua gharama ya kuyasubiri.

Kisha asubuhi moja, mvuke ukitoka kwenye chai yake, mama yake Leonce aliingia dukani peke yake. Alikuwa amejifunga shuka juu ya sweta na amebeba kifurushi. Kunegunda alianza kuinuka ili apige goti, na mama akamwonyesha kwa mkono akae.

Akasema shikamoo akiwa kwenye kiti. Mama akaitikia, akakaa kwenye benchi la wateja, akafungua kifurushi. Kilikuwa na kitambaa cha buluu. Alitaka gauni la kanisani. Kunegunda alimpima, akaandika vipimo, na wakati wote mama alikuwa akimtazama: anavyozunguka meza, anavyochukua pasi, anavyoinama kuokota mkasi kwa kupeleka mguu mmoja nyuma. Hakuficha kwamba anatazama. Mwishowe akaanza kuuliza, na aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

Alitaka kujua kama baridi inauma. Inauma kidogo, Kunegunda alisema. Akauliza chooni anafanyaje. Kunegunda akamwambia alitengenezewa kiti cha mbao chenye tundu, na sasa hata mama yake mzazi anakipenda. Akauliza mteremko. Anashuka upande upande, alijibu, na mvua ikinyesha anachukua fimbo. Akauliza mtoto. Daktari alisema mtoto habebwi na kifundo cha mguu, Kunegunda alisema, na mama akacheka kwa mara ya kwanza, kicheko kifupi cha puani.

"Vile viatu vya dhahabu ulivyokuja navyo," mama alisema baada ya kicheko kuisha. "Vilikuwa vyako?"

"Alinipa Leonce."

"Nilijua. Nilikuona unavyovivua pale mlangoni, mguu umechubuka, na uso hauonyeshi. Usiku ule shangazi yao aliongea sana habari za shamba. Mimi sikuwaza shamba. Shamba lina vibarua. Niliwaza, binti huyu anaweza kukaa na kitu kinamchinja na asiseme."

Kunegunda aliviringisha tepe ya kupimia.

"Lakini ulisema," mama aliendelea. "Ulikaa na kiatu, ila uongo ulipokuja hukukaa nao. Ndiyo maana nimekuja."

Alinyoosha kitambaa magotini, ingawa kilikuwa kimenyooka.

"Baba yake Leonce, Mungu amrehemu, alinificha ugonjwa wake. Aliniambia ni kifua cha baridi. Nilikuwa namchemshia majani kila jioni namngoja apone, nampigia kelele kwa nini halimi. Yeye alikuwa anajua. Alinyamaza kwa wema, ili nisiogope. Ningejua, mwanangu, ningekaa naye kwa namna nyingine. Zile kelele nisingezipiga."

Nje mtu alikuwa akisukuma mkokoteni wa mahindi, na walisubiri upite.

"Na mwanangu amejifunza kwa baba yake," mama alisema. "Nimemwambia hivyo hivyo. Nimemwambia, kama unamtaka yule, mtake akiwa na mguu ule. Kama unamngoja apone, mwache apate mtu wa kumtaka leo. Sijaja kumwombea. Ana mdomo wake. Nimekuja kukwambia kwamba kwetu hutakataliwa kwa ajili ya mguu. Shangazi yake ataongea, ni tabia yake, na atazoea."

Aliinuka, akauliza gauni litakuwa tayari lini, akaaga. Mlangoni alisimama, akaitazama sakafu ya duka, kisha miguu ya Kunegunda.

"Siku ukija tena, ingia na viatu. Saruji yangu inapigwa deki."

Leonce alikuja Jumamosi. Hakuleta boksi wala kitu chochote. Alisimama mlangoni mpaka mteja wa mwisho alipochukua sketi yake na kuondoka, na Kunegunda alimwacha asimame. Alikuwa amekonda kidogo, au labda alikuwa hajanyoa. Moyo wa Kunegunda ulifanya kile ambacho mioyo hufanya, lakini mikono yake iliendelea kukunja kitambaa.

"Nimeongea na mama, na shangazi, na kaka zangu," alisema. "Nimewaambia nilidanganya. Si kwamba nilikosea kusema. Nilidanganya."

"Mama yako alikuja."

"Aliniambia." Aliingia hatua mbili. "Kune, nina swali. Nilipaswa kuliuliza zamani. Naweza kuuona kwa karibu?"

Kunegunda alimaliza kukunja kile kitambaa, akakiweka. Kisha akakaa kwenye kiti chake, akalegeza kamba za kiatu, akavua kiatu na soksi. Hakuna mwanamume asiye daktari aliyewahi kuachiwa autazame mguu ule kwa karibu. Kovu lilishuka ubavuni kutoka juu ya kifundo, jembamba na la kung'aa, na lingine fupi upande wa ndani. Misuli ya muundi upande ule ilikuwa imepungua.

Leonce alipiga magoti mbele yake. Alinyoosha mkono, akausimamisha hewani, akamtazama usoni mpaka Kunegunda alipoitikia kwa kichwa. Vidole vyake vilikuwa vya moto.

"Unasikia hapa?"

"Hapo nasikia."

"Na hapa?"

"Hapo kama kwa mbali. Kama umevaa glavu."

"Skrubu ziko wapi?"

Akamwonyesha. Akamweleza zinavyopita, na kwa nini soli lazima ipinde, na kwa nini vile vya dhahabu vilimchubua katikati. Aliuliza anapolala anauwekaje. Aliuliza kama kuna siku anauchukia. Kunegunda alifikiri, akasema zipo, hasa kwenye harusi za watu, muziki unapopigwa na wote wanashuka chini kwa magoti yaliyokunjwa na yeye anabaki amesimama wima kama nguzo ya umeme. Leonce hakucheka. Aliushika unyayo kwa mikono miwili, akaujaribu polepole, juu, chini, kama fundi anayejaribu bawaba.

"Haukunji kabisa," alisema.

"Haukunji."

"Hata kidogo."

"Hata kidogo, Leonce. Na hautakunja."

Alibaki ameushika. Kunegunda aliusubiri uso wake ufanye lile alilokuwa akiliogopa, ule mshangao wa barabarani, au huruma, ambayo ingekuwa mbaya zaidi. Kilichokuja kilikuwa kitu kitulivu. Ilikuwa kama mtu aliyetua mzigo ambao alikuwa ameubeba bila kujua ni wa nini.

"Basi nimejua," alisema.

Leonce alikuwa ameshamwambia nakupenda, mara nyingi, kwenye simu na kwenye benchi lile lile la wateja, na kila mara ilikuwa tamu. Lakini haikuwahi kumlegeza mabega kama maneno yale mawili. Kunegunda aliachia pumzi. Mkono wake, ambao alikuwa ameuamuru utulie, ukaenda wenyewe kwenye kichwa cha Leonce, kwenye nywele ngumu fupi, ukakaa pale.

"Bado nina hasira," alimwambia.

"Najua."

"Zitaendelea kidogo."

"Nitazikuta hapa."

Leonce aliichukua soksi kutoka sakafuni, akaikung'uta, akauliza inavalishwaje bila unyayo kunyooka. Akamfundisha: unaikunja mpaka vidoleni kwanza, halafu unaivuta kwa kisigino. Aliivalisha vibaya, ikapinda, akaivua, akaanza upya. Jua lilikuwa limefika kwenye mlango, na watu walipita na mizigo yao ya sokoni, wengine wakachungulia wakamwona fundi umeme amepiga magoti mbele ya fundi cherehani na soksi mkononi. Kunegunda hakuvuta mguu.

"Baba yangu yupo nyumbani kesho baada ya misa ya pili," alisema. "Mwambie mama yako atume mshenga."